Chupa: chombo kidogo kilichoshika mapigo ya gitare ya Katanga

Ukisikiliza vizuri muziki wa gitare wa zamani wa Katanga, ule wa miaka ya 1950 na 1960, utasikia sauti tatu. Ya kwanza ni gitare. Ya pili ni ya mwimbaji. Ya tatu iko nyuma, ndogo lakini kali: ting, ting, ti-ting. Hapana kengele. Ni chupa tupu ya bia ao ya sukre, inayopigwa na msumari, kijiko ao kisu.

Wapiga gitare tunawajua kwa majina. Mtu wa chupa, mara mingi jina lake halikuandikwa popote. Lakini ukiondoa chupa, wimbo unaanza kuteleza, na wachezaji hawajui tena mguu waweke wapi. Katika makala hii tunaeleza chupa ni nini katika muziki, ilifikaje hapa kwetu, inapigwa namna gani, na kwa nini inaanza kupotea.

Chombo cha nyumbani chenye kazi mbili

Vyombo vya kuwekea maji na pombe vimetumika kwa muziki katika inchi nyingi: mtungi, chungu, kibuyu, chupa. Sababu ni rahisi. Viko wazi ndani, vinatoa sauti, na havina bei, kwa sababu viko tayari nyumbani.

Kuna njia mbili kubwa za kuvitumia. Ya kwanza ni kupiga: unagonga ukuta wa chombo na kile chombo chenyewe njo kinatetemeka. Ya pili ni kupuliza: unapitisha pumzi juu ya mdomo wa chombo, na hewa ya ndani njo inatetemeka.

Tofauti hii inaonekana ukiongeza maji. Chukua chupa mbili za namna moja, moja tupu, ingine yenye maji nusu. Ukizigonga, ile ya maji inatoa sauti ya chini, kwa sababu maji yanafanya ukuta wa chupa uwe mzito na utetemeke polepole. Kiisha zipulize. Sasa ile ya maji inatoa sauti ya juu, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ni kidogo. Maji ni yale yale, lakini majibu ni mawili kinyume. Watoto wanaweza kufanya hii majaribio jikoni, na wengi wanashangaa.

Kutoka kengele ya chuma mpaka chupa

Chupa haikuanza kazi mpya. Ilichukua kazi ya zamani. Katika ngoma za Afrika ya kati, mara mingi kuna mtu mmoja anayepiga mapigo yasiyobadilika tangu mwanzo mpaka mwisho. Anayapiga juu ya kengele ya chuma, juu ya mbao za ngoma, ao na vijiti viwili. Wengine wote, wenye ngoma, waimbaji na wachezaji, wanamfuata yeye. Kwa Waluba na Walunda, kengele mbili za chuma zilizounganishwa, zisizo na ulimi ndani, zilikuwa pia alama ya ukubwa wa mfalme. Haikuwa kitu cha kila mtu kushika.

Kiisha mji ulikuja. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika, na Elisabethville, tunayoita leo Lubumbashi, ikazaliwa. Wafanyakazi walitoka pande zote: vijiji vya Katanga, Kasai, Rwanda, na ngambo ya mpaka, inchi ambayo leo ni Zambia. Waliishi kambini na katika mitaa ya weusi, sawa Kamalondo. Kila mtu alikuwa na luga yake na ngoma yake ya kwao. Kiswahili kikawaunganisha katika maneno. Gitare nayo ikawaunganisha katika muziki.

Kwa gitare moja hauna lazima ya kundi la watu kumi. Watu wawili wanatosha: mmoja anacharaza na kuimba, mwingine anashika mapigo. Mangaribi, kazi imeisha, watu wamekaa na kinywaji, chombo cha kushika mapigo kiko tayari mezani. Kengele iliyobaki kijijini ilipata mrithi, na huyu mrithi haombi ruhusa ya mfalme. Mtu yeyote anaweza kumshika.

Miaka ya sahani

Mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville (leo Likasi) kijana mmoja wa Bunkeya: Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke. Wimbo wake « Masanga », alionasa pale, ulifika mbali sana, na mpaka leo wapiga gitare wa Ulaya na Marekani wanajaribu kuufuata kidole kwa kidole. Mwaka 1954 Tracey akaunda maktaba ya muziki wa Afrika inayojulikana kama ILAM, ambayo leo iko katika chuo kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini.

Baada ya Bosco tunataja Edouard Masengo, wa jamaa yake, na Losta Abelo. Masengo alienda Nairobi, na watu wa Kenya wakaipenda gitare ya Katanga. Kule Kenya, chupa ilipata jina kubwa kuliko hapa kwetu. Katika muziki wa omutibo wa Waluhya, ambao George Mukabi alikuwa nyota yake mpaka kifo chake mwaka 1963, chombo cha mapigo kilikuwa chupa ya Fanta. Sababu iko katika umbo lake: chupa ya Fanta ya zamani ilikuwa na mistari inayozunguka mwili. Unaweza kuigonga, na unaweza pia kuikwaruza na chuma kupita juu ya mistari, ikatoa sauti ya krrr, krrr. Vyombo viwili katika kimoja.

Mwaka 1979, Mwingereza mmoja, John Low, mpiga gitare, alikuja mpaka Lubumbashi kujifunza kwa wazee hawa wenyewe. Kitabu chake juu ya safari hiyo, « Shaba Diary », kilitoka mwaka 1982. Bosco alikufa mwaka 1990 katika aksida ya gari Zambia. Masengo alikufa mwaka 2003. Sauti ya gitare yao imechungwa katika maktaba na katika vitabu. Lakini ufundi wa mtu wa chupa, aliyekaa kando yao, hauna kitabu.

Namna ya kupiga

Watu wengi wanafikiri kupiga chupa ni mchezo wa mlevi. Jaribu kushika mapigo yale yale dakika tano bila kukimbia na bila kuchelewa, wakati gitare inaenda kinyume chako. Utajua kama ni kazi.

*Kuchagua.* Tafuta chupa ya kioo, mzima, isiyo na ufa. Pitisha kidole polepole juu ya mdomo na chini ya kitako. Kama iko na ufa, iache: inaweza kupasuka mkononi. Chupa kubwa ya bia, sawa ile ya Simba, inatoa sauti ya chini. Chupa ndogo ya sukre inatoa sauti ya juu inayopita vizuri katikati ya kelele za watu.

*Kushika.* Usikamate tumbo la chupa na mkono mzima, kwa sababu unaua sauti. Shika shingo na vidole viwili ao vitatu, bila kukaza. Wapigaji wengine wanafunga na kufungua vidole vya mkono ule ule juu ya chupa: vidole vikigusa, sauti inakuwa fupi na kavu, vikiachia, sauti inalia. Kwa hiyo chupa moja inakupa sauti mbili.

*Kugonga.* Tumia kitu chepesi: msumari, kijiko, ufunguo, kijiti kigumu. Usitumie nyundo wala chuma kizito. Nguvu inatoka katika kifundo cha mkono, hapana katika bega. Gonga kwenye tumbo, kiisha gonga karibu na shingo, sikiliza tofauti, uchague.

*Mapigo.* Katika nyimbo zingine, chupa inapiga tu sawasawa, moja, mbili, tatu, ine. Lakini kuna mapigo ya zamani yanayojulikana tangu Afrika ya mangaribi mpaka kwa Wabemba wa Zambia. Hesabu mpaka 12 bila kusimama, kiisha gonga tu kwenye namba 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Rudia. Kwa sauti inakuwa hivi: TA-ku-TA-ku-TA-TA-ku-TA-ku-TA-ku-TA. Anza polepole na mguu ukigonga chini kwenye 1, 4, 7 na 10. Siku ya kwanza mguu na mkono vitagombana. Hii ni kawaida. Siku vitaelewana, utasikia kwa nini wachezaji hawawezi kukaa.

Mitungi ya ngambo

Hatuko peke yetu. Kwa Waigbo wa Nigeria, wanawake wanapiga udu, mtungi wa udongo wenye shimo la pili ubavuni. Wakifunika na kufungua lile shimo na kiganja, mtungi unatoa sauti nzito inayopanda na kushuka. Kusini mwa India kuna ghatam, chungu cha udongo kinachopigwa na vidole katika muziki wa heshima kubwa kabisa.

Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1900, weusi wa mji wa Louisville waliunda vikundi ambavyo mpulizaji wa mtungi wa wiski ndiye alikuwa anashika sauti ya bezi. Hakuwa anapitisha pumzi tu. Alikuwa anatetemesha midomo sawa mtu wa tarumbeta, na mtungi, uliokuwa karibu na mdomo, ulikuza ile sauti. Miaka ya 1920 mtindo ukashika nguvu mji wa Memphis: kundi la Will Shade, Memphis Jug Band, lilianza kunasa sahani mwaka 1927, na lile la Gus Cannon mwaka 1928. Walikuwa watu maskini wasio na feza za kununua kontrabasi. Mtungi ulifanya ile kazi.

Na kuna njia iliyorudi Afrika. Mwaka 1973, Herbie Hancock, mpiga piano Mmarekani, alitoa upya wimbo wake « Watermelon Man ». Mwanzoni unasikia mtu anapuliza chupa ya bia na kuimba kwa kupokezana. Huyu ni Bill Summers. Alikuwa anaiga hindewhu, filimbi ya sauti moja ya Babenzele, watu wa pori la Afrika ya kati, ambao wanapuliza na kuimba kwa zamu katika pumzi moja. Chupa ya bia ya Marekani ilikuwa inasema maneno ya pori letu.

Leo mjini kwetu

Leo ukizunguka mitaa ya Kenya, Katuba ao Ruashi, muziki haukosi. Lakini mapigo yanatoka katika kompyuta ao katika kinanda chenye ngoma ndani. Mtoto anayetaka kupiga anagonga bidon ya njano, na ni vizuri, kwa sababu yeye pia anafanya kile wazee walifanya: anatumia chombo cha maji kilicho karibu.

Chupa yenyewe inapungua. Vinywaji vingi sasa viko katika plastiki, na chupa ya plastiki ukiigonga inatoa sauti ya kufa. Chupa za kioo zilizobaki, zile tunaita vidange, zinarudishwa kwa muuzaji, kwa sababu bila vidange hupewi kinywaji kingine. Kwa mwanamuziki maskini, hata chombo kilichokuwa bure kimeanza kuwa na bei.

Hasara kubwa, lakini, hapana kioo. Chupa zitapatikana. Hasara ni mapigo yenyewe. Gitare ya Bosco unaweza kuirudia polepole kwenye telefone mpaka uijue. Mtu wa chupa hakusema siri yake kwenye sahani: wapi anagonga, lini anafunga vidole, namna gani anamsubiri mwimbaji anapochelewa. Hiyo inapita kutoka mkono mmoja mpaka mkono mwingine, watu wawili wakikaa pamoja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kwenu iko baba, tate ao mama mzee aliyewahi kupiga chupa katika sikukuu, ndoa ao matanga, usingoje. Mletee chupa na kijiko. Weka telefone karibu, uifungue inase. Muombe apige kwanza polepole, kiisha kwa mwendo wa kweli. Muulize alijifunza kwa nani, na kila jina analotaja uliandike, na jina lake pia. Kiisha chukua chupa ya pili ukae kando yake, upige naye mpaka mikono yenu miwili isikike kama mmoja.