Majina ya Daraja la Tatu

"Ya dirisha au ya ndani?"

Karani wa tiketi alituuliza hivyo, mimi na Mama, tukiwa bandarini Mwanza Mei ya mwaka juzi. Tulikuwa tunasubiri meli ya usiku ya kwenda Bukoba. Kabini ya dirisha ilikuwa na vitanda viwili na kioo kinachotazama ziwa. Ya ndani ilikuwa upande wa pili wa korido ileile, yenye vitanda vilevile na shuka zilezile, ila ukuta wake haukuwa na tundu hata moja. Tofauti ya bei ingetosha nauli yangu ya bajaji kwa wiki mbili. Nikageuka kumtazama Mama ili aamue yeye. Hakuwa anaangalia ubao wa bei. Alikuwa anaangalia daftari la abiria lililofunguliwa mbele ya karani.

Mama alikuwa hajapanda meli tangu mwaka 1996.

Kwetu ni Kikuyu, Dodoma, katikati ya nchi kavu. Baba ni Mgogo, na ndiye aliyenisimulia kwa mara ya kwanza jinsi mji wetu ulivyopata jina. Zamani tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, kijito kilichoitwa hivyo kwa ajili ya mikuyu iliyoota kandokando yake. Tembo akakwama kwenye tope, akaanza kudidimia taratibu huku watu wakimtazama. Wakasema, "Idodomya." Amezama. Nilipokuwa mtoto nilicheka sana kila niliposikia kisa hicho. Mama hakuwahi kucheka. Yeye ni mzaliwa wa Bukoba, aliyeolewa akaletwa mahali palipo mbali kabisa na ziwa, na nadhani umbali huo ulimpendeza.

Swali la karani lilinikuta nimejiandaa kupita kiasi. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu abiria wa Reli ya Kati na wa meli za maziwa makuu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimesoma juu ya vyumba vya kulala, madaraja na nauli. Ningeweza kumpa karani mhadhara mzima kuhusu dirisha la meli.

Ningeanza kwa kumwambia kwamba kwa sehemu kubwa ya historia, dirisha la kabini halikuwa la kutazamia mandhari. Lilikuwa la hewa. Kabla ya viyoyozi, chumba cha ndani katika meli inayopita Bahari ya Shamu kilikuwa tanuri, na aliyelala humo alitoka asubuhi amelowa kama aliyeogelea. Ndiyo maana Waingereza wana hadithi maarufu kuhusu neno lao posh, lenye maana ya kitu cha kifahari. Wanadai ni ufupisho wa tiketi za matajiri waliosafiri kati ya Uingereza na India: kabini za kushoto wakati wa kwenda, za kulia wakati wa kurudi, ili daima wawe upande wa kivuli. Waandishi wa kamusi wamesaka ushahidi wa asili hiyo bila kuupata, na haijapatikana hata tiketi moja iliyopigwa mhuri wa herufi hizo. Lakini hadithi imedumu kwa sababu wasafiri wa enzi hizo walijua vizuri kwamba kivuli na upepo vinauzwa.

Kisha ningemweleza juu ya Liemba, meli iliyopita Dodoma kabla haijawa meli. Ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen. Baada ya kuunganishwa ilifumuliwa tena kipande kwa kipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Reli ya Kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, hivyo makasha yakapandishwa treni kuelekea magharibi. Hata leo, usiku ukiwa kimya, honi ya treni hufika hadi Kikuyu. Huwa nawaza mababu zangu upande wa Baba wakiiona meli hiyo ikipita mbele yao vipande vipande, bila kujua kuwa ni meli.

Ilishushwa Ziwa Tanganyika Februari 1915. Julai 1916, vita ilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito ili isioze majini. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi baadaye ilikwenda Kigoma hadi Mpulungu, Zambia. Katika vijiji vingi njiani hakukuwa na gati, kwa hiyo ilisimama majini na abiria wakafuatwa na mitumbwi.

Ndani ya Liemba, swali la karani wetu lilikuwa limejibiwa na seremala zamani. Daraja la kwanza walipata kabini za vitanda viwili zenye dirisha. Daraja la pili walipata kabini za vitanda vinne, zenye joto na hewa kidogo. Daraja la tatu walipewa viti, na wengi wao waliviacha viti hivyo wakaenda kutandika kanga na mikeka sitahani. Hapo ndipo nilipotulia kidogo niliposoma. Kama dirisha ni hewa, basi aliyelipa nauli ndogo kuliko wote, akalala nje chini ya nyota, ndiye aliyepata hewa nyingi kuliko wote. Anayeumia ni yule wa katikati, aliyelipia kuta.

Wakati wa ukoloni, ngazi hizi tatu zilikuwa na rangi. Kwenye treni na meli zetu, kwa kawaida la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Waasia, la tatu la Waafrika. Nauli na mazoea vilitosha kumpeleka kila mtu mahali pake. Na pale ambapo nauli haikutosha, nguvu ilitumika. Mwaka 1893, Mohandas Gandhi, wakili kijana aliyekuwa na tiketi halali ya daraja la kwanza, alishushwa kwenye treni huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, akalala stesheni kwenye baridi. Tunakijua kisa hicho kwa sababu aliishi akakiandika.

Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua kwenye utafiti wangu. Abiria wa daraja la kwanza nilikuwa nawapata kirahisi. Magazeti ya walowezi yalichapisha hata majina ya Wazungu walioingia na kutoka kwa meli. Baadhi yao waliandika shajara na vitabu, wakalalamikia joto, mbu na supu. Abiria wa daraja la tatu nilikuwa nawapata kama idadi, na mara nyingine hata idadi haikuwepo. Nikadhani ni tatizo la kawaida la mwanafunzi wa historia. Msimamizi wangu alinishauri niliandikie aya moja kwenye sura ya mbinu za utafiti, na nikaiandika.

Halafu nikaanza kusoma juu ya Titanic, kwa ajili ya kulinganisha tu. Ilipozama Aprili 1912, watu wapatao 1,500 walikufa, na katika daraja la tatu takriban watu watatu kati ya kila wanne hawakuokoka. Lakini majina yao tunayo. Wakulima wa Ireland, mafundi wa Sweden, familia kutoka Lebanon ya leo, watu waliolala chini kabisa ya meli, unaweza kuwasoma mmoja mmoja pamoja na umri wao. Sababu yake si huruma. Tangu mwaka 1819 sheria ya Marekani ilimtaka nahodha akabidhi orodha ya abiria aliowaleta, na kadiri miaka ilivyokwenda, maswali kwa wahamiaji maskini yaliongezeka: una kazi, una ugonjwa, una pesa kiasi gani? Waliandikwa kwa sababu waliogopwa. Hata hivyo waliandikwa.

Usiku huo nilifunga kompyuta nikaenda sebuleni. Mama alikuwa anachambua mchele mbele ya taarifa ya habari. Nikamuuliza swali ambalo sijui kwa nini sikuwahi kuliuliza katika miaka yangu yote: "Mama, mjomba alikata tiketi ya daraja gani?"

Aliendelea kuchambua. "La tatu. Mtu wa ndizi angekwenda wapi?"

Wengi wenu mliozaliwa miaka yangu mnaijua MV Bukoba kama tarehe tu. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Mei 1996 ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo kuchukua abiria zaidi na ndizi, ikaelekea Mwanza. Asubuhi, ikiwa imekaribia kufika, ilipinduka. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 800. Daraja la tatu halikuwa na orodha.

Meli haikuzama mara moja. Ilielea ikiwa imeelekeza kitako juu, na waliokuwa hai ndani walisikika wakigonga chuma. Waokoaji walipotoboa kitako ili wawafikie, hewa iliyokuwa imebanwa ndani ikatoka, na meli ikaenda chini. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na mbili kuhusu hewa ndani ya kabini za meli. Sikuweza kuzisoma tena kwa muda mrefu.

Mjomba wangu alikuwa na miaka 24. Alikuwa anapeleka ndizi kuuza Mwanza. Alionekana Kemondo akipanda. Huo ndio ushahidi wote tulio nao. Mwili wake haukupatikana au haukutambulika, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo familia yetu haijui ni lipi la kwake. Kule Igoma, Mwanza, kuna makaburi ya waliozikwa pamoja baada ya ajali. Mama huwa anasimama pale bila kujua kama amesimama karibu naye.

"Babu yako alikwenda bandarini siku tatu mfululizo," aliniambia usiku ule. "Wenye kabini walisomwa majina. Akasimama hadi jina la mwisho. Alijua mwanaye hayumo, lakini alisimama."

Basi tuliposafiri Mei ile, tulipitia kwanza Igoma, kisha tukaenda bandarini. Mama alitaka kufika Bukoba kwa njia aliyokuwa akiikwepa kwa miaka 28. Nilikuwa nimeweka akiba kwa ajili ya kabini ya dirisha. Nilifikiri atataka kuona nje, atataka njia ya kutokea. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kumtuliza.

"Mama, ya dirisha au ya ndani?" karani alirudia, kwa upole, maana nyuma yetu foleni ilikuwa inakua.

"Yoyote, mwanangu. Niandike jina kwanza."

Karani akaandika jina lake la kwanza na la mwisho. Mama akainama juu ya kaunta. "Andika yote matatu."

"Hapa nafasi ni ya mawili tu, Mama."

"Basi la tatu liandike juu yake."

Karani aliniangalia mimi. Nikamwambia, "Tafadhali, kaka, muandikie." Akaliandika juu, kwa herufi ndogo, jina la babu yangu. Mama akalisoma, akamwomba arekebishe herufi moja, akalisoma tena. Kisha akafungua pochi na kulipia kabini ya ndani, kwa sababu, alisema, hakuona faida ya kulipia kioo gizani.

Tuliondoka saa tatu usiku. Kabini haikuwa mbaya. Feni ilinguruma, taa ilikuwa ya njano, na ukuta ulikuwa ukuta. Nililala nikashtuka baadaye na kukuta kitanda cha Mama kitupu. Nilipanda ngazi mbio, moyo ukinidunda.

Alikuwa sitahani, kwenye upepo, katikati ya abiria wa daraja la tatu, kanga ameivuta hadi kichwani. Mbele yake kijana mmoja alikuwa amekaa juu ya gunia la dagaa, akiegemea nguzo.

"Wewe unaitwa nani, baba?" Mama alikuwa anamuuliza.

Kijana alitaja jina lake.

"Na wamekuandika?"

Kijana hakuelewa swali, lakini alimwona ni mtu mzima, akaingiza mkono mfukoni na kutoa tiketi yake. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa taa, akasoma taratibu, akaikunja vizuri na kumrudishia.

"Itunze," alimwambia. Kisha akaketi karibu naye kwenye sakafu, na mimi nikaketi karibu na Mama, tukakaa hapo hadi taa za Bukoba zilipoonekana.