Magugu ya Bustani na Mlango wa Ziwa

Gugu ni nini? Mwanafunzi akiuliza swali hili darasani, mwalimu huwa mwepesi wa kujibu kwamba gugu ni mmea mbaya. Jibu hilo halitoshi. Mchicha, ambao wenyeji wa Bujumbura huuita lengalenga, ukijiotea katikati ya maharage hung'olewa ukatupwa. Ukipandwa katika tuta lake hutiwa maji na kupelekwa sokoni. Mmea ni ule ule. Gugu, basi, ni mmea ulioota mahali ambapo mwenye bustani hakuutaka, na kwa sababu hiyo hatuwezi kulieleza gugu bila ya kumtaja mtu na mwendo wake duniani. Katika makala haya tunakusudia kuitazama historia ya magugu machache yaliyo sugu, tukiwa tumesimama katika bandari ya Bujumbura, kisha tuonyeshe kwamba historia hiyo inaweza kumsaidia mwenye bustani ya nyumbani kuliko nguvu za mikono peke yake.

Bujumbura iko katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani ilipitia Tabora ikafika Ujiji, na kutoka hapo mitumbwi ilieneza bidhaa kandokando ya ziwa. Mwaka 1871 Stanley na Livingstone walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi mdomo wa mto Rusizi, si mbali na ulipo mji leo, wakahakikisha kwamba mto huo unaingia ziwani wala hautoki. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi mahali walipopaita Usumbura. Mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Mwaka 1916 Wabelgiji waliutwaa mji. Na mkataba wa mwaka 1921 uliwapa nafasi maalumu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma. Tangu hapo shehena ya pwani ilipanda garimoshi, ikashuka Kigoma, ikavuka ziwa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962 mji ukaitwa Bujumbura. Kiswahili kilifuata njia hiyo hiyo, na mtaa wa Buyenzi umebaki kuwa mmoja wa mashahidi wake.

Lakini gunia la nafaka halibebi nafaka tu, wala msafiri habebi mzigo wake tu. Mahindi, maharage na mihogo, ambavyo leo ndivyo chakula cha kila siku cha Burundi, asili yake ni Amerika. Kishonanguo nacho asili yake ni Amerika. Tunda lake jembamba lina miiba miwili au mitatu inayonasa nguo ya mpita njia na manyoya ya mbuzi. Mpagazi, askari na mchuuzi, kila mmoja humpandia mwenzake gugu hili bila ya kujua. Na tazama jinsi wahenga walivyolipa jina: hawakutaja ua lake wala jani lake, bali kazi ya mbegu yake. Jina moja limehifadhi somo zima la elimu ya mimea.

Yapo magugu mengine ambayo hayahitaji nguo ya mtu, kwa kuwa makao yake yamo chini ya ardhi. La kwanza ni ndago. Chini ya majani yake membamba mna viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa kama shanga katika uzi, na vingi kati ya hivyo vimo katika sentimita 15 hivi za juu. Mwaka 1977 wataalamu waliotunga kitabu juu ya magugu mabaya kuliko yote duniani waliiweka ndago mbele ya mengine yote. Hata hivyo, adui huyu aliwahi kuwa chakula. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 juu ya meno ya watu wa kale waliozikwa Al Khiday, nchini Sudan, ulionyesha kwamba watu hao walikula ndago kabla ya kilimo kuingia kwao na hata baadaye. La pili ni sangari, ambalo Warundi huliita urwiri. Hili hutambaa kwa mizizi mirefu yenye vifundo, na kila kifundo kikikatwa huweza kuwa mmea mpya.

Kundi la tatu ni la wageni walioalikwa. Gugu maji lilitoka katika mabonde ya mto Amazon, likachukuliwa huku na huko na watu waliopendezwa na maua yake ya zambarau, wakalitia katika madimbwi ya bustani zao. Katika miaka ya 1950 lilienea katika mto Kongo, na utawala wa Kibelgiji ukalipiga kwa dawa kali. Dawa ilikwisha, gugu likabaki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Victoria, na mto Kagera ukaendelea kulishusha humo. Katika miaka ya 1990 vyombo vya majini vilikwama Kisumu kwa sababu yake. Nafuu kubwa ilionekana baada ya kuletwa wadudu wadogo wa jamii ya fukusi kutoka huko huko lilikozaliwa gugu. Uganda iliwaachia mwaka 1995 na Kenya mwaka 1997. Katika Ziwa Tanganyika pia, upande wa Bujumbura, gugu hili limekwisha onekana. Pambo la bustani ya mtu mmoja limekuwa mzigo wa bandari.

Sasa turudi bustanini. Mtu akiyapiga magugu haya yote kwa jembe moja na kwa namna moja, atachoka bure. Kishonanguo huishi kwa mbegu, na mmea mmoja hutoa maelfu; dawa yake ni kuking'oa kabla ya maua kukomaa, na kukung'uta nguo kabla ya kuingia bustanini. Ndago huishi kwa akiba iliyo chini; anayeikata juu juu mara moja kwa mwezi huipa nafasi ya kuzaa viazi vipya. Hapana budi kuirudia kila baada ya wiki mbili au tatu, mpaka akiba iishe. Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, udongo upinduliwe ili viazi vikaushwe na jua. Na mvua ikirudi vipandwe viazi vitamu, kwani ndago haipendi kivuli. Sangari halikatwikatwi: udongo hulegezwa kwa jembe lenye meno, mzizi ukavutwa mzima, ukaanikwa mpaka ukauke kabisa. Na mmea wa pambo unaoota upesi mno usitupwe mtoni wala ziwani.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusipulize dawa tukapumzika. Tunamjibu kwamba mvua inayoosha bustani za Bujumbura huteremkia mto Ntahangwa na mifereji mingine hadi ziwani, na ni katika ziwa hilo mji unakopata sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa. Sumu iliyomwagwa juu ya ndago yaweza kurudi katika mtungi wa yule yule aliyeimwaga.

Walimu wenzetu, tusiyaache maneno kama ndago, sangari, kwekwe, kupalilia na kung'oa yabaki orodha ya kukaririwa. Tuwapeleke wanafunzi nje na jembe mkononi, tuwaulize kila gugu lina jina gani kwa Kiswahili, lina jina gani kwa Kirundi, limetoka wapi, na linaishi kwa nini. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaona kwamba asiyejua ufa ulipo hawezi kuuziba. Katika bustani nyingi ni mama na watoto wanaoinama kupalilia. Tukiwapa maarifa haya, tutakuwa tumewapunguzia siku za kuinama, na maharage yao yatapata maji na mbolea ambavyo hadi leo vimekuwa vikiliwa na magugu.