Sushi Pia Ilitoka Kibandani

Juzi niliposti nikila chapo iliyokunjwa na yai ndani, nimekaa kwa benchi mbele ya jiko la kibanda hapa Kitui mjini. Mmoja akaniandikia: "Buda, bado uko kibandani? Sushi utaonja lini?"

Poa, tuongee historia. Miaka ya 1820 huko Edo, yaani Tokyo ya leo, sushi ya kufinyangwa kwa mkono iliuzwa vibandani. Watu wa haraka walisimama, wakala kwa vidole, wakaenda zao. Chapo yetu nayo ilipanda bara na Wahindi waliojenga reli kuanzia 1896, ile iliyopitia Makindu.

Vyote ni vyakula vya watu wa kazi. Leo kimoja kinapigiwa picha kwa kaunta ya kung'aa, kingine mnakionea haya. Hizo haya mmezitoa wapi?