Mkungu Usiopimwa: Ndizi ya Bukoba kama Zao la Biashara, 1937–2025

Mwezi Aprili 2025 Waziri wa Kilimo wa Tanzania, Hussein Bashe, alitangaza zuio la mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba Afrika Kusini ilikuwa imeifungia mlango ndizi ya Tanzania kwa miaka kadhaa, ilhali tufaha zake zilikuwa zikiuzwa bila kikwazo katika miji ya Tanzania. Zuio liliondolewa muda mfupi baadaye. Mgogoro huo ulizungumzwa zaidi kama suala la diplomasia. Kwa mkoa wa Kagera, hata hivyo, unaibua swali la kihistoria: kwa nini zao linalolisha mkoa mzima, na ambalo limeuzwa nje ya mkoa kwa miongo mingi, linafika kwenye meza ya biashara ya kimataifa likiwa na kumbukumbu haba?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba ndizi iligeuka kuwa bidhaa pasipo kujengewa taasisi. Kahawa ilikuwa na historia tofauti kabisa. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walipinga hadharani kanuni za serikali ya kikoloni kuhusu utunzaji wa mibuni, na upinzani huo ukaacha majalada mengi. Mwaka 1950 ukaundwa ushirika wa BNCU. Kuanzia hapo kila gunia lilipimwa, likaandikwa na kulipiwa kwa stakabadhi. Mgomba uliota katika kibanja kilekile, bega kwa bega na mbuni, ukirutubishwa kwa samadi na nyasi zilezile, lakini ofisa hakuwa na sababu ya kuuhesabu. Kodi ililipwa kwa fedha ya kahawa. Ndizi ilikuwa chakula, rubisi, na heshima ya mgeni. Wanahistoria waliofuata majalada walifuata kahawa, na kosa hilo si lao peke yao.

Hata hivyo ndizi iliuzwa. Meli za Ziwa Victoria, ikiwamo MV Victoria iliyoanza safari mwaka 1961, zilisafirisha mikungu kutoka Bukoba na Kemondo hadi Mwanza. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa imebeba ndizi pamoja na abiria wake. Msiba huo unakumbukwa, kwa haki, kwa ajili ya watu waliokufa. Kwa mtafiti wa uchumi unathibitisha jambo la ziada: biashara hiyo ilikuwa sehemu ya kawaida ya safari ya ziwa, ikibebwa pamoja na abiria badala ya kupewa utaratibu wake.

Katika Hamugembe, kata ya Manispaa ya Bukoba ambako mji umeingia katikati ya vibanja, mkungu ungali unauzwa kwa kukadiriwa kwa macho. Mnunuzi hutazama ukubwa, aina na ukomavu, kisha bei hukubaliwa. Utaratibu huo una busara yake, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi wote wanaijua ndizi. Udhaifu wake hudhihirika mkungu unapoondoka mjini: hakuna uzito ulioandikwa, wala jina la shamba, wala cheti. Anayepata faida ya tofauti ya bei kati ya kibanja na soko la Mwanza ni yule mwenye chombo cha usafiri.

Gharama ya kukosa kumbukumbu ilionekana pale mnyauko wa bakteria ulipothibitishwa wilayani Muleba mwaka 2006. Ugonjwa huo, uliojulikana Ethiopia tangu miaka ya 1960 na kugunduliwa Uganda mwaka 2001, huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na pia na visu, panga na machipukizi yanayohamishwa. Mnunuzi aliyekata mkungu katika kibanja kimoja na kuingia cha jirani kwa panga lilelile aliweza kuubeba ugonjwa bila kujua. Pasipo daftari la nani aliuza wapi, njia ya maambukizi haikuweza kufuatiliwa kwa urahisi. Kaya ziliagizwa kung'oa migomba iliyougua, kuondoa ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, na kuchovya vifaa katika dawa au kuvipitisha motoni. Kung'oa kisiki cha urithi si kazi nyepesi. Aina za FHIA, zilizosambazwa mkoani mwishoni mwa miaka ya 1990 ili kukabili visumbufu vya awali kama fukusi na minyoo, hazikuwa na kinga dhidi ya mnyauko, na walaji wengi waliendelea kuziona duni zinapopikwa.

Nchi inayoagiza tunda hudai kwanza orodha ya visumbufu na uthibitisho wa eneo lilikotoka. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2020, yaani miaka 14 baada ya mnyauko kuthibitishwa Muleba. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limefupisha safari ya malori ya Kagera kwenda Mwanza. Mizigo yake ya ndizi ingali inahesabiwa kwa mikungu.