Malale, Upofu wa Mtoni na Kichocho Katika Mwambao wa Kisumu

Reli ilipofika Kisumu mwezi Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, malale yalikuwa tayari yanaua watu kandokando ya Ziwa Victoria. Upande wa Uganda zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miongo miwili ya mwanzo wa karne ya 20, na vijiji vya ufukoni mwa Nyanza navyo vilipukutika. Mwaka 1903, huko Entebbe, Aldo Castellani na David Bruce walionyesha kwamba malale husababishwa na kijidudu kiitwacho tripanosoma, kinachoenezwa na mbung'o. Mgonjwa huanza kwa homa. Kijidudu kikishaingia ubongoni, mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, huchanganyikiwa, na asipotibiwa hufa.

Kwa kuwa mbung'o hukaa vichakani, vita vilielekezwa huko kwanza. Kingo za mito zilifyekwa, kisha zikanyunyiziwa dawa. Bonde la Lambwe, Homa Bay, lilikuwa gumu kuliko kwingine, kwa sababu wanyamapori na ng'ombe hubeba vijidudu bila mtu kutambua. Baadaye ikatumika mitego ya vitambaa: rangi ya buluu humvuta mbung'o, naye hutua kwenye kitambaa cheusi chenye dawa akafa. Huku wagonjwa wakitafutwa na kutibiwa, maambukizi yalipungua hadi mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa nchini akapatikana mwaka 2009. Tarehe 8 Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma Kenya. Ulikuwa ugonjwa wa pili wa kundi la magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa kuthibitishwa na WHO kuwa umeshindwa nchini, baada ya mnyoo wa Guinea mwaka 2018.

Upofu wa mtoni ulikuwa umeondoka mapema zaidi. Huenezwa na inzi mdogo mweusi anayezaliana kwenye mito ya kasi. Katika bonde la Kodera, Nyanza Kusini, P.C.C. Garnham na J.P. McMahon walimwaga DDT mitoni mwaka 1946, na inzi wakatoweka. Wakati huo hakuna aliyejua mabuu yao yanakaa wapi. Ni mwaka 1950 tu ilipogunduliwa kwamba hujishikiza kwenye miili ya kaa wa mtoni. Kazi ya kumwaga dawa mitoni ikaendelezwa katika mabonde mengine ya magharibi mwa Kenya.

Kichocho kimekuwa kigumu zaidi. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, huanguliwa majini, na viluwiluwi huingia katika konokono. Baadaye hutoka humo wakipenya ngozi ya yeyote aliye majini. Minyoo hukaa katika mishipa ya utumbo, na mayai yakikwama kwenye ini mgonjwa huvimba tumbo na hata kutapika damu. Mitaa ya mjini haijasalimika. Tangu miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya (KEMRI) wamewafuatilia vijana wanaoosha magari wakiwa wamesimama majini Kisumu. Walitibiwa kwa prazikwanteli, wakarudi kazini, wakaambukizwa tena. Ni baada ya matibabu mengi ndipo baadhi yao walipoanza kujenga kinga.

Tangu mwaka 2012 serikali imekuwa ikiendesha mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo shuleni, na maambukizi makali yamepungua. Dawa huua minyoo iliyo mwilini, lakini haimkingi mtu anayerudi ziwani kesho yake. Mbung'o na inzi wa mtoni waliweza kudhibitiwa bila kumzuia mwenyeji kwenda kazini. Kichocho kinapitia kazi yenyewe: uvuvi, uchimbaji mchanga, ufuaji nguo na uoshaji magari. Kwa hiyo kukimaliza kunahitaji, pamoja na dawa, vyoo katika fuo zote na maji ya bomba yanayomwezesha mtu kufanya shughuli zake bila kuingia ziwani.