Msimu wa Safari Unyanyembe: Nani Alilala Wapi

Tarehe 7 Novemba 1857 msafara wa Waingereza wawili, Burton na Speke, uliingia Kazeh huko Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, baada ya siku 134 njiani kutoka pwani. Mimi nina vyumba vya kulaza wageni pale Gongoni, mjini Tabora. Nikisoma habari za msafara ule, akili yangu haiendi kwenye maziwa waliyokuwa wakiyatafuta. Inakwenda kwenye mambo ya kazi yangu: watu wote wale walilala wapi usiku ule, na gharama ilikuwa ya nani?

Wakubwa wawili walipewa nyumba. Snay bin Amir, Mharthi wa asili ya Omani aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa wa Kazeh, aliwapokea, akawapa tembe la kukaa na akawakirimu kwa chakula. Kodi haikutajwa. Speke aliporudi mwaka 1861 akiwa na Grant, mwenyeji wao alikuwa Musa Mzuri, Mhindi aliyeanzisha Kazeh pamoja na Snay karibu na mwaka 1852. Hapo tena, kodi hakuna.

Ukarimu ulikuwepo, sikatai. Lakini mwenye nyumba ya wageni husoma pia hesabu iliyo nyuma ya ukarimu. Burton aliandika kwamba Waarabu wa Unyanyembe ni nadra kuzidi 25, na msimu wa safari ukifika hubaki watatu au wanne tu. Wengine wako Ujiji, Karagwe, au wameteremka pwani na pembe za ndovu. Kwa hiyo wakati barabara imejaa watu, nyumba nzuri za mjini zilikuwa tupu. Sisi wa leo msimu ukiwaka hatuna hata godoro la akiba. Wao msimu ukiwaka walikuwa na matembe mazima yanayohitaji mtu wa kulala ndani ili mchwa na wezi wasiyamalize. Mgeni mwenye heshima alikuwa mlinzi asiyelipwa.

Na tembe si kibanda. Ni jengo la kuta nene za udongo, paa la bapa la miti lililosiliwa udongo juu, vyumba vimezunguka ua wa ndani, mlango mmoja mkubwa wa kufungia usiku. Ng'ombe, mizigo, wake, watoto na watumwa wote wanaingia humo. Kiangazi ni pa baridi na salama. Masika paa linavuja, na hakuna mwenye tembe aliyeweza kulificha hilo. Ukitaka kuliona, nenda Kwihara, kilomita chache kutoka mjini. Lile walilokaa Stanley na Livingstone lilijengwa upya mwaka 1957, na sasa ni makumbusho.

Hao ni wakubwa. Wenye mizigo kichwani je?

Wanyamwezi waliokuwa kwenye msafara wa Burton hawakuomba chumba. Walitua mizigo, wakatawanyika kwenda makwao. Ndiyo faida ya Unyanyembe: ilikuwa kituo kikubwa katikati ya njia, na pia ilikuwa nyumbani kwa waliobeba. Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi ukitoka mashariki, ukishavuka pori la Mgunda Mkali. Alisema msafara ukitokea porini ulisikika kabla haujaonekana, kwa ngoma na baragumu la kiongozi, na wanawake wa Tura walikwishaanza kutwanga. Hawakutwanga kwa upendo tu. Watu waliotoka kwenye pori lile walikuwa na njaa, na mwenye njaa habishani sana bei ya mtama.

Hapo ndipo gharama ilipokuwa. Paa lilikuwa bure au karibu na bure. Chakula ndicho kilichokula mali. Posho ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, na ilinunuliwa kwa nguo, yaani merikani na kaniki, au kwa ushanga ule unaopendwa mwaka ule. Ukija na ushanga uliopitwa na wakati, kina mama wanakurudishia. Misafara mitatu ikigongana kijiji kimoja, ghala linapungua na shuka moja ya nguo inanunua vibaba vichache kuliko jana. Na mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kujibebea akiba ya mwezi.

Sasa weka familia kwenye hesabu hiyo. Picha tulizozoea zinaonyesha mstari wa wanaume watupu, lakini Wanyamwezi wengi walisafiri na wake zao, na wengine na watoto. Mke alibeba chungu, kinu kidogo, mkeka na mtoto. Wakifika mahali pa kulala, wanaume walikata matawi na nyasi, au walirithi vibanda vilivyoachwa na waliotangulia kama havijaungua. Wapagazi walijigawa katika makundi madogo, kila kundi na chungu chake na kibanda chake, nalo kundi liliitwa kambi. Mwenye mke kambini alikuwa na bahati, na wenzake walilijua hilo. Chakula kiliiva mapema. Na mkikaa kituoni siku nyingi, mama mwenye akili alipika pombe akauza. Kwa hiyo familia, ambayo mimi leo naiona kama watu wanane wanaotaka kubanana chumba kimoja, njiani ilikuwa ndiyo inayopunguza gharama.

Wako pia waliolala walipowekwa. Misafara ileile ilishusha watumwa pwani, kutoka Manyema na kwingineko, na nyua za matembe hayohayo ninayoyasifia ziliwafungia usiku. Tembe lina mlango mmoja. Sifa yake kwa mwenye mali ndiyo balaa yake kwa asiyejimiliki, na sipendi watembezaji wageni wanavyoliruka jambo hilo wakifika Kwihara.

Kulikuwa na miaka ambayo hata matembe hayakutosha. Stanley alifika Juni 1871, akapewa nyumba Kwihara, na muda mfupi baadaye vita vya Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, na Waarabu vikafunga njia ya Ujiji. Agosti mwaka ule Mirambo aliingia Tabora na kuchoma sehemu kubwa ya mji, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa vigogo wa mji, akauawa. Watu walikimbilia Kwihara na walichoweza kubeba. Stanley akatoboa kuta za tembe lake matundu ya kupitishia bunduki, akalijaza watu na maji. Mwezi uliofuata aliondoka kwa njia ya kusini kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone.

Alirudi na Livingstone Februari 1872, akakaa wiki chache, akashika njia ya pwani tarehe 14 Machi. Livingstone alibaki kusubiri wapagazi ambao Stanley angemtumia kutoka Zanzibar. Alisubiri hadi tarehe 25 Agosti. Miezi mitano na zaidi katika nyumba ya bure, na kila siku lazima watu wale! Ndani ya nyumba ile alikuwemo Halima, mpishi wake, na Ntaoeka, mke wa mtumishi wake Chuma. Wanawake hao wawili waligombana, na Halima akaondoka kwa hasira. Livingstone aliyekuwa amevumilia simba na homa alihangaika mpaka aliporudi, na akaandika kwenye shajara kwamba atamwacha huru na kumnunulia nyumba na shamba Zanzibar wakifika. Mzee yule alifariki mwaka uliofuata, mbali sana na Zanzibar. Katika habari zote za malazi za njia ile, ahadi hiyo ndiyo inayonigusa zaidi: mtu aliyekaa bure kwa watu miaka mingi alijua thamani ya mlango wako mwenyewe.

Asiyekuwa na Snay wala ndugu Unyanyembe alikuwa na utani. Wanyamwezi waliteremka pwani mwaka baada ya mwaka wakipita kwa Waluguru na Wazaramo, na njia ile ikazaa utani. Mtani alikuwa na haki ya kuingia, kula alichokikuta, kutukana kidogo, na asipokuwepo mwenyewe kujichukulia. Mtu akifia safarini, mtani ndiye wa kushughulikia mazishi. Ukiutazama vizuri, ulikuwa ni jibu la swali lilelile la malazi kwa mtu asiye na shuka ya kutoa zawadi: unalala kwangu Unyamwezi, nami nitalala kwako Uzaramo, na atakayesahau ataaibishwa hadharani.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya kichwa na bega ikafa haraka kuliko wengi walivyotarajia. Tawi la Mwanza lilifika mwaka 1928, na Tabora ikawa mahali pa kubadilisha treni. Treni mbili hazipatani saa. Huo ndio mwanzo wa biashara ya kwetu. Mama yangu alianza kwa kuwalaza jamaa wa Kigoma wanaosubiri treni ya Mwanza, na dagaa wakawa ndiyo malipo. Kisha wakaja jamaa wa jamaa. Halafu akaja mtu ambaye hakuna aliyemjua, akauliza ni shilingi ngapi, na mama akalazimika kutunga bei papo hapo.

Siku hizi msimu wangu ni mahafali ya vyuo. Wazazi wanatoka Sumbawanga, Bukoba na Dar es Salaam, kila mmoja na ukoo wake, na Gongoni, Isevya na Kanyenye kote unaambiwa pamejaa. Mwaka jana alikuja Mzaramo mmoja wa Kisarawe na mke na watoto wanne. Niliposema bei, akaniambia babu zake walizika wapagazi wetu wengi mno pale kwao, na deni halijalipwa. Nikamjibu kwamba babu zake walikula posho yao kwanza. Tulibishana ukumbini mpaka mke wake akaketi kwenye mabegi. Mwisho nikampunguzia elfu kumi na kuwatandikia watoto mkeka chumbani kwangu. Akadai na chai ya asubuhi iwe bure. Chai nilimnyima.