Ua la Pareto na Mti wa Mkorosho



Kila tunapoanza kazi ya bustani shuleni, wanafunzi huniuliza swali moja: Je, Mwalimu, ni heri kupanda kitu kiletacho mavuno upesi, au kile kinachokawia lakini chadumu? Nimeona kwamba swali hili halijibiki kwa maneno matupu, ila kwa kutazama mambo yaliyopita. Kwa hiyo nataka kueleza habari za mimea miwili iliyotoka nchi za mbali ikawa yetu, yaani ua la pareto na mti wa mkorosho. Tutaona kila mmoja wataka nini, na yaliyowapata watu waliolima.

Pareto asili yake ni Dalmatia, nchi ya mawe kando ya bahari ya Adriatiki, ambayo sasa ni sehemu ya Kroatia. Ni ua jeupe lenye moyo wa manjano, na mgeni akiliona aweza kudhani limepandwa kwa uzuri tu. Lakini ndani ya kichwa chake mna dawa iitwayo pirethrini, iuayo mbu, chawa na wadudu wengine. Kabla ya vita ya pili ya dunia, Japani ndiyo iliyouza pareto nyingi kuliko nchi zote. Mbegu zililetwa Kenya mwaka 1928, na katika miaka ya 1930 kilimo hicho kikaingia Tanganyika.

Mkorosho asili yake ni Brazili, upande wa kaskazini mashariki. Wareno waliuleta pwani ya Afrika ya Mashariki katika karne ya 16. Kwa muda mrefu watu waliupenda kwa kivuli chake na kwa mabibo yake. Tena ni jambo la ajabu kwamba bibo si tunda hasa, ila ni kikonyo kilichovimba. Tunda lenyewe ni ile korosho inayoning'inia chini yake. Biashara kubwa ya korosho ilikuja baadaye sana, katika karne ya 20, zilipoanza kupelekwa Bara Hindi kwa wingi ili zibanguliwe huko.

Sasa tutazame mahitaji yao. Pareto hutaka baridi. Hustawi penye mwinuko wa futi 6,000 na zaidi juu ya bahari, maana bila usiku wa baridi mche huota majani mengi wala hautoi maua. Hutaka mvua ya kutosha, na udongo usiotuamisha maji. Mkorosho ni kinyume chake. Baridi huudhuru, na makao yake ni nchi za joto, tangu pwani mpaka uwanda wa Wamakonde. Huridhika na udongo wa kichanga ambao mazao mengine huukataa, mradi uwe na kina, kwa sababu mzizi wake mkuu hushuka chini sana kutafuta maji. Tena hutaka kiangazi kirefu, kwa kuwa ndio wakati wa kutoa maua. Mvua ikinyesha wakati huo, maua huharibika.

Hayo ni mahitaji ya ardhi na ya hewa, na kila mkulima huyafahamu. Lakini yako mahitaji mengine, nayo ni yale ambayo mmea wamtaka mtu.

Pareto lamtaka mtu mikono yake. Miezi minne hivi baada ya kupandwa huanza kuchanua, na tangu hapo lazima lichumwe kila baada ya majuma mawili au matatu, ua kwa ua, kwa vidole. Likichumwa mapema mno, dawa yake ni haba. Likichelewa, dawa hupungua. Likishachumwa lianikwe au likaushwe upesi, lisije likaoza. Na kilo nne za maua mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu. Baada ya miaka mitatu hivi shamba huchoka, mkulima akapasua mashina na kupanda upya.

Mkorosho haumtaki mtu mikono kila siku. Humtaka miaka yake. Huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, na nguvu zake hasa huja karibu na mwaka wa kumi. Kisha huzaa miaka thelathini na zaidi. Katika miaka hiyo yote kazi yake si nyingi: kufyeka majani, kupogoa, kuokota korosho. Lakini sharti mwenyewe awepo.

Ndipo historia inapotufundisha. Vita ya pili ilipofunga njia ya Japani, pareto ya Kenya ikatakiwa sana kwa kuwakinga askari na chawa na mbu. Mashamba yakaongezeka kwa muda mfupi, maana ua hili hukubali haraka. Vita ilipokwisha, dawa mpya ya DDT ilikuwa imeenea, nayo ilikuwa rahisi kuliko pareto. Bei ikaanguka na mikono ikaondoka mashambani. Lakini watu walipotambua madhara ya DDT, hata Marekani ikaikataza mwaka 1972, pareto lilitafutwa tena. Na mwenye mbegu aliweza kurudi shambani na kuchuma mwaka ule ule. Hasara ya ua huja upesi, na kupona kwake ni upesi vile vile.

Habari za mkorosho ni nyingine. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi. Katika miaka hiyo watu walihamishwa kukaa katika vijiji vya pamoja. Nia ilikuwa kuwakaribishia shule, maji na dawa, na mema hayo yalifika mahali pengi. Ila mikorosho haikuweza kuhama. Mwenye shamba alijikuta mbali na miti yake. Majani yakaota, moto wa porini ukapita, korosho zikaanguka zisiokotwe. Bei nayo ilikuwa ndogo, wala haikumvuta mtu kwenda mwendo mrefu. Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiri unga, ambao hukausha maua, na miti isiyo na mtu wa kuitazama ikaumia sana. Katika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa tani 17,000 hivi tu.

Kuponya hasara hiyo kulichukua miaka mingi. Wataalamu wa kituo cha Naliendele, karibu na Mtwara, walifundisha kupuliza salfa kuzuia ubwiri, wakazalisha miche bora. Wakulima walifufua mashamba ya kale na kupanda mapya. Katika msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000. Hesabuni wenyewe: tangu anguko mpaka hapo ni miaka thelathini hivi, yaani tangu mtoto azaliwe mpaka awe na watoto wake.

Basi swali la wanafunzi wangu nalijibu hivi. Asiyekuwa na hakika ya kukaa mahali, na alime kile kinachokubali kuhama pamoja naye. Apandaye mti, na aangalie kwanza kama kiwanja ni chake kwa haki, kama mipaka yajulikana na majirani, na kama watoto wake wamefundishwa kuutunza. Na sisi sote, tunapofanya shauri la kijiji kuhusu makao ya watu, tuhesabu miti pamoja na nyumba. Nyumba hujengwa tena kwa msimu mmoja, lakini mkorosho ulioachwa hautufuati tuendako.